Siku ya Kwanza Hospitalini
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa sisi wa ofisi ya Katibu ruhusa ya kusema machache baada ya kusomwa hesabu za mwaka, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Jambo tulilolichagua si jepesi, wala si la kuburudisha masikio. Ni habari ya wenzetu wanaofikishwa hospitalini wakiwa hai, kisha wakafa humo kabla ya jua kuchwa mara mbili. Vijana wasemapo juu ya kifo mbele ya wazee huomba radhi kwanza, nasi twaiomba.

Hesabu mlizosikia zimeandikwa kwa uaminifu. Katika daftari la Chama uko ukurasa wa jeneza, uko ukurasa wa mochari, uko ukurasa wa gari la kumpeleka marehemu kwao, na uko hata ukurasa wa chai na sukari ya matanga. Kazi hiyo ni ya heshima. Ndiyo iliyotuunganisha, maana watu wetu waliotoka kutafuta kazi mbali hawakukubali mwenzao azikwe kama mtu asiye na jamaa. Lakini mtu akilisoma daftari lile toka jalada hadi jalada ataona pengo moja: hakuna ukurasa wa mgonjwa. Fedha yetu hulala mpaka mtu afe, ndipo inapoamka. Neno letu la leo ni hili, kwamba sehemu ya fedha hiyo yapasa kuamshwa mapema, wakati mwenyewe angali akipumua.

Wengi wetu tumesikia watu wakisema kwamba hospitali ndiyo inayoua. Husema, "Fulani alikwenda akizungumza, akarudi ndani ya sanduku." Msemo huo una machungu ndani yake, wala haifai kuucheka. Lakini yafaa tuuchunguze, kwa sababu mtu anayeiogopa hospitali huichelewesha safari, na aichelewaye safari hufika wakati hospitali haina tena nafasi ya kumsaidia. Hivyo hofu huzaa kifo, na kifo kile kikazaa hofu mpya.

Basi na tutazame yale yaliyopimwa. Katika hospitali ya Kilifi, hapa hapa Kenya, waganga waliandika habari za watoto wote wenye umri wa miezi 3 na zaidi waliolazwa tangu Julai 1998. Hadi mwanzo wa Juni 2000 walikuwa wamelazwa watoto 8,091, na katika hao 436 walifariki. Sasa sikilizeni walifariki lini. Watoto 60 hawakumaliza muda wa saa 4 tangu kulazwa. Wengine 193 walifariki baada ya saa 4 lakini kabla ya saa 48. Waliosalia, 183, ndio waliofariki baadaye. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya misiba ile ilitokea katika siku mbili za kwanza, kabla dawa nyingi hazijapata muda wa kufanya kazi yake.

Jambo la pili walilolikuta ni kwamba hatari ile haikujificha. Watoto waliokuwa karibu na kifo walitambulikana kwa dalili ambazo jicho huziona na mkono huzigusa: kupoteza fahamu, kupumua kwa taabu, weupe wa upungufu wa damu, kukonda kupita kiasi au kuvimba kwa utapiamlo. Dalili hizo hazihitaji mashine ya bei kubwa ili zitambuliwe. Zinahitaji mtu wa kutazama, atazame upesi, na ajue anachokitazama.

Kwa nini basi watu hufika wakiwa wamechelewa? Wataalamu wawili wa Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka 1994 juu ya vifo vya akina mama wajawazito, wakaonyesha kwamba kuchelewa kuna sehemu tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Waliyasema hayo kwa ajili ya akina mama, lakini yanafaa kwa mtoto, kwa kijana aliyeanguka na pikipiki, na kwa mzee pia.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja, asiye wa nyumba yoyote iliyo hapa. Ijumaa jioni ameshikwa na homa. Baba yuko mjini kazini. Mama yuko nyumbani na mkwewe. Zinanunuliwa dawa za maji katika duka la dawa. Jumamosi mtoto hali, na mama anataka kwenda hospitalini, lakini aliye na fedha ni baba, na simu ya baba haipatikani. Jumapili alfajiri mtoto anapatwa na degedege. Jirani anasema, "Hii si ya hospitali, mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa." Saa nne mchana baba amepatikana, fedha zimetumwa, lakini mwenye gari amekwenda kanisani, na mwenye pikipiki anadai mara tatu ya nauli ya kawaida. Saa nane wamefika. Mama anaketi mwishoni mwa foleni, nyuma ya mwenye kikohozi na mwenye jino. Anaambiwa atoe kadi, kisha alipe, kisha angoje. Jioni mtoto amelazwa. Usiku amekufa. Kesho yake kijiji kizima chasema, "Alikufa mara tu walipomdunga sindano."

Ndugu wanachama, sindano ile ndiyo iliyokuwa kitu cha mwisho katika mlolongo mrefu wa kungoja. Mtoto alingoja ruhusa, akangoja fedha, akangoja gari, akangoja foleni, na pengine akangoja damu au hewa ya oksijeni iliyokuwa haipo. Na tukiyatazama hayo yote moja moja, tutaona kwamba karibu kila kilichongojwa kingaliweza kutolewa mapema, kabla hata mtoto hajaugua. Hilo ndilo tunalotaka mlibebe kwenda nalo nyumbani. Wahenga wametuachia methali mbili. Moja yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye hekima ni yule ajuaye siku ya kutumia kila moja. Ya kwanza ni ya posa na ya kununua shamba. Ya pili ni ya mgonjwa.

Sasa tuingie ndani ya lango la hospitali. Je, hospitali isiyo na mali nyingi yaweza kupunguza vifo vya siku ya kwanza? Jibu lake lilipatikana kwa jirani zetu wa Malawi. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, waganga walibadili utaratibu wa kupokea watoto mwaka 2001. Waliweka watu waliofundishwa kuitazama foleni na kuwagawa wagonjwa mafungu matatu: walio hatarini sasa hivi, wanaopaswa kutangulizwa, na wanaoweza kungoja. Vitu vya kuokolea uhai viliwekwa mahali pamoja karibu na mlango, na wale wa fungu la kwanza walitibiwa hapo hapo. Kabla ya mabadiliko hayo, katika kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baadaye walikuwa wakifa kati ya 6 na 8. Hawakujenga hospitali nyingine. Walipanga upya mlango. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya kazi ya namna hiyo, na hapa Kenya pia waganga na wauguzi wengi wamefundishwa.

Katika saa ile ya kwanza yako mambo machache yaliyo makubwa. Mtoto anayepumua kwa taabu hutaka oksijeni, na kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni humwambia mwuguzi kama hewa katika damu inatosha. Huko Papua New Guinea hospitali 5 zilipowekewa vipimo hivyo na mitambo ya kutengeneza oksijeni, vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Mtoto aliyelegea na asiyekula huenda ameishiwa na sukari katika damu. Tone moja lapima, na sukari ya mshipani humrudisha kwa dakika chache. Mwenye degedege hupewa dawa ya kuituliza. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa chache tu, na aghalabu hatari yake haitambuliwi kwa kuwa damu hukisiwa kwa macho. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye mistari wa kupimia damu, wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara hatari ionekanapo. Kutokwa na damu nyingi mno, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60.

Lakini yatupasa kusema jambo moja ambalo huenda likawashangaza wengine. Upesi si sawa na wingi wa dawa. Wengi wetu twaamini kwamba mgonjwa asiyetundikiwa maji ya dripu hajatibiwa, na tumewaona jamaa wakigombana na wauguzi kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Baadhi yao walimiminiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka, na wengine hawakumiminiwa. Katika muda wa saa 48, kati ya waliomiminiwa walikufa 10 hadi 11 katika kila 100. Kati ya wasiomiminiwa walikufa 7. Watoto walioharisha hadi kukaukiwa na maji hawakuwamo katika uchunguzi ule. Hao maji ndiyo dawa yao. Basi mwuguzi akisema, "Huyu hatumpi dripu," tusidhani kwamba anamnyima. Tumwulize kwa adabu, naye atatueleza.

Tumekuja sasa kwenye damu. Damu haina kiwanda. Mtoto wa malaria aliyeishiwa na damu, na mama aliyevuja damu katika uzazi, wote wawili hutegemea kile ambacho mtu mwingine alikwisha kukitoa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Siaya, ukachapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba kuongezewa damu kuliwaokoa watoto wenye upungufu mkubwa ikiwa waliipata mapema. Waliotiwa damu siku mbili au zaidi baada ya kulazwa hawakuonekana kufaidika nayo. Sote twajua desturi ilivyo: mgonjwa akihitaji damu, ndipo simu zinapoanza kupigwa, na ndugu wanapotafutana. Lakini damu inayotolewa leo sharti ipimwe kwanza isije ikapeleka maradhi, na upimaji huchukua muda. Anayetoa damu wakati mgonjwa wake yuko kitandani aghalabu anamtolea mgonjwa wa kesho. Aliyemwokoa mgonjwa wa leo ni yule mtu asiyemjua, aliyetoa juma lililopita.

Na juu ya malipo, wanachama wajue haki yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikusema asinyimwe baada ya kulipa. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliye katika hatari apaswa kutibiwa kwanza, na mambo ya kadi na malipo yafuate. Hatusemi hayo ili watu waende kuwatukana makarani wa dirishani, kwani wao hufuata amri walizopewa, na sisi wenyewe tuliomo katika kazi ya ukarani twayajua. Twasema ili anayempeleka mgonjwa aweze kusema kwa utulivu, "Mtoto huyu hajitambui. Twaomba atazamwe sasa, nami nitasimama hapa nilipe."

Bwana Mwenyekiti, baada ya maneno hayo twaleta mbele ya mkutano mambo manne.

La kwanza ni ruhusa. Hapa twasema kwa unyenyekevu mkubwa mbele ya wazee na mbele ya waume wenye nyumba zao. Desturi yetu ni kwamba mama haondoki na mtoto pasipo ruhusa, na desturi hiyo ilikuwa na maana yake. Hatuji kuivunja. Twaomba ruhusa hiyo itolewe leo, mara moja, kwa siku zote zijazo. Kila mzee aende nyumbani kwake akawaambie wake, wakwe na wajukuu: dalili hizi zikionekana, ondokeni, hata kama ni usiku, hata kama simu yangu imezimwa, mimi nimekwisha kukubali. Ruhusa iliyotolewa kabla hairudishwi nyuma na simu iliyoishiwa na moto.

Dalili zenyewe ni hizi. Kwa mtoto: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea mno au hajitambui, anapumua kwa taabu hata sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani kila avutapo pumzi, au viganja vyake vimekuwa vyeupe. Kwa mtoto mchanga, kuacha kunyonya peke yake kwatosha, na kadhalika mwili kuwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa pamoja na macho kuona giza, degedege, au homa kali. Kwa mtu mzima yeyote: kupoteza fahamu, kupooza upande mmoja kwa ghafula, maumivu makali ya kifua, au kushindwa kupumua.

Katika safari, asiyejitambua asinyweshwe uji, maji wala dawa, maana atapaliwa, alazwe ubavu. Mtoto mchanga abebwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama asishikwe na baridi. Anayeweza kunyonya aendelee kunyonyeshwa. Na dawa zote alizokwisha kupewa, za duka na za miti shamba, zitajwe kwa mganga bila aibu, kwa sababu asiyejua alichokunywa mgonjwa aweza kumdhuru akidhani anamsaidia.

La pili ni gari. Twapendekeza robo ya mchango wa kila mwezi itengwe iwe Mfuko wa Mgonjwa. Katika kila tawi letu huko nyumbani, wachaguliwe watu wawili wenye kuaminika, mmoja wao awe mwanamke. Wao wafanye mapatano mapema na wenye magari wawili au watatu, kwa nauli iliyoandikwa, ya mchana na ya usiku. Mgonjwa akitokea, mmoja wa hao wawili ampigie Mweka Hazina, na fedha zitumwe kwa simu saa ile ile. Kusiitishwe kikao, kwa kuwa kikao ni kungoja kwa namna nyingine.

La tatu ni damu. Mara mbili kila mwaka, Chama kiweke siku ya kutoa damu, na wanachama wenye afya na umri wa kufaa waende pamoja, kama tuendavyo pamoja mazishini. Wasioweza kutoa kwa sababu ya umri au maradhi watusindikize, ili vijana waone kwamba jambo hili lina baraka za wazee.

La nne ni ujumbe. Tangu mwaka 2013 hospitali zilizokuwa za wilaya zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na wakubwa wake si watu wa mbali. Wachaguliwe wazee watatu na mama mmoja waende kumwona mganga mkuu wa hospitali yetu, wakiwa na maswali machache. Je, yuko mtu mlangoni anayeitazama foleni, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu? Mgonjwa wa hatari hutibiwa kabla ya kulipa? Oksijeni ipo, na umeme ukikatika yatoka wapi? Damu ipo katika jokofu? Waulize kwa heshima, na waulize tena baada ya miezi mitatu. Mtu akijua kwamba ataulizwa tena hufanya kazi kwa namna nyingine.

Twajua kwamba hoja hii itapata wapinzani, na ni vema, kwa sababu fedha ni ya wote. Tumekwisha kusikia mapingamizi matatu katika mazungumzo ya pembeni, nasi twayajibu hadharani.

Wa kwanza wasema kwamba mfuko utakwisha, kisha mtu atakufa tukose fedha ya kumsafirisha. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu tumeomba robo, si nusu. Robo tatu zitabaki kwa kazi ile ile ya zamani. Lakini tukumbuke kwamba nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya karibu ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya gari la maiti, chakula cha waombolezaji na kazi za siku nyingi zilizosimama. Hatuahidi kwamba atakayepelekwa mapema atapona. Wako watakaokufa hata wakipelekwa kwa ndege. Twasema tu kwamba wako waliozikwa kwa ajili ya kuchelewa, na kwa hao fedha zetu ziliamka upande usiofaa wa mlango.

Wa pili wasema kwamba wako watakaodanganya, wale fedha za mgonjwa asiyekuwako. Huenda. Lakini mgonjwa huonekana kwa macho ya majirani, na hospitali huandika karatasi. Asiyeileta karatasi katika muda wa siku 14 atakatwa deni lile katika haki zake. Tukifungia wote mlango kwa sababu ya mwongo mmoja, anayekufa ni mtoto wa mkweli.

Wa tatu, na hawa ni wazee wetu, wasema kwamba kuuwekea ugonjwa akiba ni kuuita. Twawajibu kwa heshima: Bwana Mwenyekiti, Chama hiki kimeweka akiba ya jeneza kwa miaka yote, wala hakuna mwanachama aliyekataa kulipa kwa kuogopa kwamba anakiita kifo. Kama akiba ya kaburi haikutudhuru, akiba ya gari la mgonjwa haitatudhuru.

Waliokianzisha Chama hiki walifanya hivyo kwa kuwa hawakutaka mtu wao awe peke yake katika saa ya mwisho. Nia hiyo hatuibadili hata kidogo. Twaomba iongezwe urefu, ianze saa ile mama anapoinua kichwa cha mtoto usiku na kukiona kimelegea. Saa ile naye asiwe peke yake. Awe na ruhusa ya wazee iliyokwisha kutolewa, gari lililokwisha kupatanwa, na damu iliyokwisha kungoja katika jokofu.

Twaleta hoja hii mbele ya mkutano, twaomba iungwe mkono, izungumzwe, kisha ipigiwe kura. Na likikubaliwa, kesho asubuhi tutafungua ukurasa mpya katika daftari na kuandika juu yake: Mgonjwa.